Usingizi wa mchana ushindwe kwa mipango

SAA nane mchana ni saa ya kazi. Mtumishi wa umma analipwa mshahara wa saa hiyo sawasawa na anavyolipwa mshahara wa saa mbili asubuhi, na mwananchi anayefika ofisini saa hiyo ana haki ile ile ya kuhudumiwa aliyonayo yule aliyewahi mlango ulipofunguliwa. Hata hivyo, kila anayezifahamu ofisi zetu anajua kwamba saa hizo mbili hazifanani. Asubuhi mafaili hutembea, simu hupokewa na maswali hujibiwa. Mchana, baada ya chakula, shughuli hupoa. Macho huwa mazito, kalamu hupunguza mwendo, barua moja husomwa mara tatu bila kueleweka, na mwananchi aliye dirishani huambiwa maneno mawili ambayo ameyazoea mno: "Njoo kesho".

Maneno hayo mawili yana gharama. Mkulima aliyetoka kijijini alfajiri kufuatilia hati ya shamba lake, mjane anayeshughulikia mirathi, mwalimu mstaafu anayehangaikia kiinua mgongo chake, wote hao wakiambiwa waje kesho hulazimika kutafuta nauli nyingine, au mahali pa kulala mjini. Saa moja iliyopotea kwa mtumishi mmoja inaweza kumgharimu mwananchi siku mbili za kazi, pamoja na fedha ambazo hakuzipangia safari hiyo.

Ndiyo maana tunasema kwamba kusinzia baada ya chakula cha mchana si jambo la kutaniana kwenye korido. Linahusu haki ya mwananchi, usahihi wa hesabu za Serikali, usalama wa abiria walio ndani ya magari ya umma, na elimu ya mtoto anayesoma kipindi cha mwisho darasani. Jambo la uzito huo linastahili kujadiliwa kwa makini na watumishi na walimu wenyewe, ambao ndio wanaolijua vizuri zaidi.

Kwa muda mrefu jambo hili limekuwa likijibiwa kwa njia mbili, na zote mbili zina kasoro. Njia ya kwanza ni karipio. Mkuu wa ofisi hupita vyumbani, humkuta karani ameinamisha kichwa juu ya faili, humwita mvivu mbele ya wenzake, kisha hurudi ofisini kwake, ambako naye hupambana na usingizi huo huo akiwa amefunga mlango. Karani aliyekaripiwa hukaa macho kwa nusu saa kwa sababu ya aibu, na kesho yake mambo huwa yale yale. Njia ya pili ni kuhalalisha. Husemwa kwamba joto la nchi yetu ndilo lilivyo, kwamba ugali ndio chakula chetu, na kwamba mwili wa binadamu haugombezwi. Kwa hoja hiyo, saa za mchana huachwa zijiendee, na ofisi nzima hukubaliana kimya kimya kwamba kazi ya kweli imekwisha saa sita.

Karipio halikuuliza chanzo cha usingizi ule, na uhalalishaji uliridhika na nusu ya chanzo. Kwa hiyo ni vyema kwanza tuelewe kinachotokea mwilini, ndipo tupange la kufanya.

Viumbe vyenye uhai vina saa yao ya ndani. Mwaka 1729 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliufungia gizani mmea wa aina ya kifauongo, ambao hufungua majani yake mchana na kuyafumba usiku. Mmea ule uliendelea kufungua na kufumba majani kwa ratiba ile ile, ingawa haukuliona jua. Karibu karne tatu baadaye, mwaka 2017, wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya chembe za mwili. Walifanya utafiti wao kwa kuwachunguza nzi wadogo wa matunda. Kwa binadamu, saa kuu imo ndani ya ubongo, karibu na mahali mishipa ya macho inapokutana, na hurekebishwa kila siku na mwanga wa jua.

Katika mwili wa mtu aliye macho kuna nguvu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni uzito wa usingizi, ambao huongezeka kwa kila saa tunayokaa macho, kwa sababu ubongo unapofanya kazi hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini. Ya pili ni msukumo wa saa ya ndani, ambao hutuweka macho mchana na kutuachia usiku. Ifikapo kati ya saa saba na saa tisa mchana, uzito wa usingizi umekwisha kukua kwa kiasi cha kutosha, lakini msukumo wa saa ya ndani bado haujafikia nguvu yake ya jioni. Hapo ndipo mwili hulegea. Ulegevu huu huwapata hata watu ambao hawakula chakula cha mchana, na ndiyo sababu haifai kuubebesha ugali lawama zote.

Hata hivyo chakula nacho kina sehemu yake. Mlo mkubwa wenye wanga mwingi na mafuta mengi huongeza ulegevu ambao ungekuwepo hata bila chakula. Watu wengi huamini kwamba baada ya kula damu yote hukimbilia tumboni na kuuacha ubongo mkavu. Imani hiyo haina msingi, kwa kuwa mwili hulinda kiasi cha damu kinachokwenda kwenye ubongo hata wakati tumbo linasaga chakula. Kilicho kweli ni kwamba mmeng'enyo na mabadiliko ya sukari katika damu huupa mwili ishara za kutulia. Wahenga waliligundua jambo hili bila maabara, waliposema kwamba shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Methali hiyo inaonya pande zote mbili. Anayejaza sahani ya wali kwa mama lishe hadi isibebeke atalewa kwa shibe, na anayepitisha siku nzima kwa chai na andazi moja atalegea kwa njaa. Wote wawili watasinzia.

Chanzo kikubwa kuliko vyote, lakini, kiko usiku. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa 7 kila usiku. Sasa tumwangalie mtumishi anayeishi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Ili awe kazini saa 1:30 asubuhi, huamka saa kumi alfajiri na kwenda kusimama kituoni kungoja daladala. Jioni hukaa tena katika foleni. Akifika nyumbani ana watoto, ana chakula, ana duka dogo la kusaidia kipato au madaftari ya kusahihisha. Baada ya hapo kuna televisheni, kuna simu ya mkononi, kuna mpira wa Ulaya unaomalizika usiku wa manane. Mtu huyo hulala saa tano au saa sita usiku, akaamka tena saa kumi. Usingizi wake hauzidi saa 5. Deni hilo hubebwa kila siku, na saa nane mchana, mwili unapolegea kwa desturi yake, deni huja kudaiwa pamoja na riba.

Ni wazi basi kwamba anayetaka kuushinda usingizi wa mchana hana budi kuanzia usiku. Ziko sababu ambazo mtumishi hawezi kuziondoa peke yake, kama vile umbali wa makazi na uhaba wa usafiri. Lakini ziko ambazo ziko mikononi mwake kabisa. Hakuna mwajiri wala dereva wa daladala anayemlazimisha mtu kuangalia simu kitandani hadi saa sita usiku.

Yapo pia mataifa ambayo tangu zamani yalikabiliana na saa za mchana kwa kuzilala. Neno la Kihispania siesta, ambalo duniani kote hutumika kwa usingizi wa mchana, limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya saa ya sita. Warumi wa kale walihesabu saa tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi kwa Kiswahili, hivyo saa sita yao ilikuwa saa sita yetu. Katika mafundisho ya Kiislamu mapumziko hayo yanajulikana kwa jina la kailula. Katika miji ya mwambao, kama Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu, wenye maduka wengi wamekuwa na desturi ya kufunga mchana na kufungua tena alasiri, jua linapopunguza ukali.

Desturi hiyo ina hekima yake, na hatukusudii kuibeza. Lakini ilikua mahali ambapo duka na nyumba vinatazamana, na ambapo siku ya kazi imegawanywa sehemu mbili. Ofisi ya Serikali haiko hivyo. Tanzania Bara, mtumishi huanza kazi saa 1:30 asubuhi na kumaliza saa 9:30 alasiri. Tukiingiza hapo katikati usingizi wa saa mbili, ama tutaikata siku ya mwananchi, ama tutamrudisha mtumishi nyumbani usiku, na hivyo kumwongezea deni lile lile la usingizi tunalotaka kulipunguza. Hispania yenyewe, nchi ya siesta, ilianza mwaka 2006 kutekeleza mpango wa kufupisha mapumziko marefu ya mchana ya watumishi wa serikali kuu, ili wamalize kazi ifikapo saa kumi na mbili jioni na kuwahi kwa familia zao.

Wala haifai kudhani kwamba kulala mchana kila siku ni sharti la maumbile ya watu wa nchi za joto. Watafiti waliowapima Wahadzabe wa hapa kwetu, pamoja na jamii mbili nyingine za wawindaji na wakulima wadogo huko Namibia na Bolivia, walichapisha matokeo yao mwaka 2015. Waliona kwamba watu hao, wasio na umeme, hawakuwa na mazoea ya kulala mchana kila siku. Tegemeo lao lilikuwa usingizi wa usiku, kwa utaratibu usiobadilika sana, pamoja na kuamka karibu na mapambazuko.

Kilichothibitika kuwa na manufaa kwa mfanyakazi wa saa zetu ni mapumziko mafupi. Shirika la anga la Marekani, NASA, katika taarifa ya mwaka 1994, lilieleza jinsi marubani wa safari ndefu walivyopewa kwa zamu dakika 40 za kupumzika vitini mwao wakati wenzao wakiongoza ndege. Walilala kwa wastani wa dakika 26, na wakawa macho zaidi kuliko wenzao wasiopewa nafasi hiyo, hasa katika dakika za mwisho kabla ya kutua. Japan, nchi ambayo hakuna anayeituhumu kwa uvivu, ilitoa mwaka 2014 mwongozo wa Wizara ya Afya unaosema kwamba usingizi mfupi usiozidi dakika 30 mapema mchana unaweza kusaidia utendaji wa kazi.

Neno la kuzingatia hapo ni ufupi. Mtu akilala zaidi ya nusu saa huanza kuingia katika usingizi mzito, na akiamshwa humo hubaki ameduwaa, kichwa kizito, pengine akiwa hafai kwa kazi kuliko kabla hajalala. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Tena ni lazima ziwe kabla ya saa tisa, kwa sababu usingizi wa jioni huiba usingizi wa usiku.

Je, muda huo utatoka wapi? Upo tayari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 haki ya mapumziko ya angalau dakika 60. Hatuombi dakika hata moja ya ziada kutoka kwa mwananchi. Tunachosema ni kwamba saa hiyo moja itumike kwa akili. Dakika 25 zinatosha kula mlo wa kiasi, wenye maharage, samaki, mboga za majani na matunda, na ugali usiozidi mahitaji. Dakika 15 au 20 zitumike kufumba macho, mahali palipotengwa, nje ya macho ya wateja. Zinazobaki zitumike kutembea nje, juani, kwa kuwa mwanga wa jua na mwendo wa miguu ni dawa ya usingizi isiyouzwa dukani. Anayetoka kwenye sahani moja kwa moja hadi kwenye kiti amejiandalia usingizi mwenyewe.

Kuhusu kahawa na chai, tusidanganyane. Kafeini huuziba mlango ambao adenosini huutumia katika ubongo, nayo huchukua kama nusu saa kufanya kazi vizuri. Haiondoi uchovu bali huuficha kwa muda. Kwa watu wengi, nusu yake bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Kikombe cha saa kumi alasiri kingali na nusu ya nguvu yake saa tatu usiku. Anayetumia kahawa kuokoa jioni yake huharibu usiku wake, na kesho yake mchana huhitaji vikombe viwili.

Tukiacha juhudi za mtu mmoja mmoja, mzigo mkubwa uko kwa wakuu wa ofisi, kwani wao ndio wenye mamlaka ya kupanga kazi. Tunashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, kazi zipangwe kwa kufuata nguvu za mwili. Hesabu za mishahara, uandishi wa taarifa, upitiaji wa zabuni na maamuzi yanayohitaji kichwa kilichotulia yawekwe asubuhi. Mchana ubaki kwa kazi zinazomsimamisha mtu na kumtembeza: kupanga mafaili, kukagua bohari, kwenda kwenye eneo la mradi, kuzungumza na wananchi ana kwa ana. Hesabu ya fedha iliyolazimika kufanywa saa nane ihakikiwe upya kesho yake asubuhi kabla ya kutiwa saini.

Pili, vikao virefu vya kusomewa taarifa visiitishwe mara baada ya chakula. Ukumbi wenye mapazia yaliyofungwa, mashine ya picha ukutani, na msemaji mmoja anayesoma kurasa 40, ni kitanda kilichotandikwa. Watu wakisinzia humo, mwenye kosa la kwanza ni aliyepanga ratiba.

Tatu, chakula kiliwe kwa zamu ili dirisha la huduma lisifungwe hata kidogo. Waliokula na kupumzika zamu ya kwanza ndio washike dirisha saa nane. Mwananchi asikute kiti kitupu wala mtu aliyesinzia.

Nne, vyumba vifunguliwe madirisha, hewa ipite. Chumba kilichojaa watu na joto, ambacho hakijapata hewa mpya tangu asubuhi, humlegeza hata aliyelala saa 8 usiku kucha.

Tano, madereva wakumbukwe. Uchunguzi wa ajali uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba ajali zitokanazo na usingizi huongezeka usiku na alfajiri, na tena alasiri. Mkuu anayekula vizuri saa saba katika safari ya mkoani, kisha akajinyoosha kiti cha nyuma na kumwamuru dereva aendeshe saa nne mfululizo, anahatarisha roho yake na za wengine. Dereva akihisi usingizi aegeshe gari, apumzike dakika 20, na asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Kuteremsha kioo na kufungua redio kwa sauti kubwa hakuuondoi usingizi.

Shuleni nako kunahitaji mpango wa aina yake. Nchini Denmark watafiti walichunguza mitihani ipatayo milioni 2 ya watoto wa shule za umma, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Waliona kwamba alama zilishuka kidogo kwa kila saa siku ilivyosonga mbele, na kwamba mapumziko ya dakika 20 hadi 30 kabla ya mtihani yaliziinua tena. Waliofaidika zaidi na mapumziko hayo walikuwa wanafunzi dhaifu. Walimu wetu hawana haja ya kwenda mbali kulithibitisha hilo, kwani kila mmoja wao anaujua ugumu wa kufundisha hesabu kwa kipindi cha mwisho.

Kwa hiyo ratiba isipangwe kana kwamba vipindi vyote vina uzito sawa. Hisabati na lugha zipewe nafasi ya asubuhi kadiri inavyowezekana. Somo ambalo halikwepeki mchana lihamishwe siku kwa siku, ili lisiwe daima somo lile lile linaloumia. Mwalimu anayeingia darasani saa nane asigeuze kipindi kuwa cha kunakili ubaoni. Awasimamishe wanafunzi, awape majaribio, mijadala, vipimo vya kufanya uwanjani, maswali ya kujibizana kwa makundi. Mtoto anayeshika kamba ya kupimia kiwanja cha shule hasinzii.

Mtoto anayesinzia naye asitangulizwe fimbo. Mwalimu amuulize kwanza ameamka saa ngapi, ametembea umbali gani, na amekula nini. Katika shule ambayo watoto hushinda njaa hadi alasiri, tatizo la usingizi wa mchana halitaondoka mpaka wazazi, kamati ya shule na uongozi wa kijiji wakubaliane juu ya uji au chakula cha mchana. Kwa shule za bweni, wakuu wazitazame upya ratiba zao. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10. Shule inayowakesha wanafunzi kwenye masomo ya usiku hadi saa tano na kuwaamsha saa kumi alfajiri inawanyang'anya mchana kile inachodhani imewapa usiku.

Lipo pia kundi la watu ambao usingizi wao hautaondolewa na ratiba. Anayelala vya kutosha usiku na bado akasinzia kila mchana aende hospitali. Pengine ana upungufu wa damu au kisukari. Pengine anakoroma na pumzi kumkatika mara nyingi usiku, akaamka bila kupumzika ingawa alikuwa kitandani saa 8. Pengine anatumia vidonge vya mafua au mzio vinavyoleta usingizi. Katika maeneo yenye mbung'o, malale nayo isisahauliwe. Kumkaripia mgonjwa ni kuchelewesha matibabu yake. Ama yule anayesinzia kwa sababu alikunywa bia mbili wakati wa chakula, huyo dawa yake imo katika kanuni za nidhamu.

Tunajua kwamba wapo watakaouliza: Je, mwananchi anayelipa kodi ataelewa vipi akisikia kwamba mtumishi wake ametengewa mahali pa kufumba macho? Swali hilo ni la haki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikumbusha kwamba wakati mfanyakazi wa mjini hufanya kazi kwa kiasi cha saa 45 kwa wiki, mwanamke wa kijijini hufanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, bila Jumapili wala sikukuu. Mwanamke huyo bado yupo, na jembe lake halina korido wala kiti cha kuzunguka. Tukimwambia kwamba mtumishi amechoka, hatatuelewa.

Lakini mama huyo haji ofisini kuhesabu dakika za mapumziko ya karani. Anakuja kuchukua hati yake. Akiipata siku ile ile, bila kosa katika jina wala tarehe, hatauliza karani alitumiaje saa yake ya chakula. Akiikosa, hatafarijika kuambiwa kwamba karani alikaa macho kwa nguvu mchana kutwa. Kipimo cha utumishi ni huduma iliyotolewa, na mapumziko ya dakika 20 ndani ya saa halali yana kibali pale tu yanapoiongeza huduma hiyo.

Kwa sababu hiyo mpango huu usigeuzwe kichaka cha wavivu. Kulala juu ya meza mbele ya mwananchi kutabaki kuwa kosa. Kurefusha dakika 20 zikawa saa nzima kutabaki kuwa wizi wa muda wa umma. Mtumishi ambaye ofisi imempangia kazi vizuri, imempa mapumziko yake na kumfungulia dirisha, kisha akaendelea kusinzia kwa kuwa alikesha baa, atakuwa hana tena pa kujificha, na hapo karipio litakuwa limepata mahali pake.

Tunatoa wito kwa wakuu wa idara, wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa shule walijaribu jambo hili kwa mwezi mmoja. Kabla ya kuanza, kiwekwe daftari dirishani kwa wiki moja, iandikwe ni wananchi wangapi walifika baada ya saa saba mchana, na wangapi kati yao waliambiwa warudi kesho. Kisha kazi zipangwe upya kama tulivyoeleza, chakula kiliwe kwa zamu, na daftari liendelee kuandikwa. Mwisho wa mwezi lisomwe mbele ya watumishi wote. Idadi ya walioambiwa "Njoo kesho" ikiwa imepungua, mpango uendelee. Isipopungua, wakuu na watumishi wakae pamoja, asubuhi, watafute mahali walipokosea.